Kondoo wa Kuwafundishia Madiwani

Kondoo wa Wachuka alikula vizuri kuliko watu wawili waliolala katika nyumba ile, na hakuna aliyelalamika. Alikuwa dume, mweusi kichwani na mweupe mwilini, na mkia wake wa mafuta ulikuwa umenenepa hata akijaribu kutembea unamyumbisha. Wala hakutembea sana. Kwa miezi saba alikuwa amekaa katika kizizi kidogo jikoni, nyuma ya mafiga, juu ya sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili mkojo upite chini. Aliletewa marando ya viazi vitamu asubuhi na jioni, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mama yake Wachuka alinenepesha kondoo hivyo hivyo, na nyanya yake kabla ya mama. Kondoo wa namna hiyo hapelekwi sokoni. Ana siku yake, naye hungojwa mpaka ifike.

Siku ya huyu ilikuwa imekaribia. Warigia, binti wa pekee wa Wachuka na mumewe, aliyeolewa Murang'a, alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikwisha kuzaa mara mbili, na mara zote mbili hakumpakata mtoto zaidi ya wiki moja. Baada ya kumzika wa pili alilala ameukabili ukuta, hataki uji, hataki maneno. Wachuka akaketi kitandani akamwambia, "Wa tatu nitakuletea kondoo yangu mwenyewe. Utakunywa supu na mafuta mpaka useme basi." Warigia hakugeuka, lakini aliunyoosha mkono nyuma akamshika mama yake kidole. Wachuka alijua vizuri kwamba supu haifufui mtu. Alijua pia kwamba hakuwa na kitu kingine cha kumwahidi mwanawe, na kwamba hicho kimoja alichoahidi lazima kifike.

Nyumba yao ilikuwa ya kaunsili, vyumba viwili na jiko, kando ya lango la boma walimofungiwa wanyama waliokamatwa wakizurura katika mji mdogo wa Ndaraca-ini. Mumewe, Theuri, alikuwa mlinzi wa boma hilo kwa miaka kumi na mmoja. Lilikuwa boma la nguzo na seng'enge, lenye birika la maji lililopasuka, bila paa hata la kufunika kuku. Kiangazi lilikuwa vumbi na masika lilikuwa tope la kufika magotini. Mwenye mnyama alitakiwa alipe faini, na kwa kila siku alipe pia ada ya malisho, malisho ambayo mnyama wake hakuyaona hata kwa macho. Machi hiyo ya mwaka wa 1973 mlikuwa na punda kumi na mmoja, ng'ombe mmoja na ndama wake, na mbwa watano waliofungwa kwa waya chini ya mkaratusi.

Jumanne moja Theuri alirudi kutoka kaunsili saa tisa, amevaa koti lake la harusi, na kwapani amebana karatasi kubwa iliyoviringishwa. Ilikuwa picha ya punda. Alipewa picha hiyo Nairobi alipomaliza kozi ya wiki mbili ya chama cha kuhurumia wanyama, pamoja na cheti chenye jina lake. Ilimwonyesha punda kwa ubavu, na mishale myekundu iliyoeleza mahali ambapo kamba mbaya huchubua, maji anayohitaji kwa siku, na jinsi kwato zinavyooza zikikaa majini. Theuri alikuwa ameikariri yote, kama mtoto wa katekisimu.

"Umekula?" Wachuka aliuliza. Uso wa mumewe ulikwisha kumwambia habari nyingine.

"Nilisimama kwa mlango kutoka saa nne. Wakaongea mambo ya choo ya soko. Wakaongea mambo ya gari ya mwenyekiti. Wakakunywa chai. Halafu karani akasema, kuna Theuri hapo nje. Mwenyekiti akaniangalia, akaniuliza, Theuri, wewe umetoa mbuzi ngapi?"

Wachuka aliacha kukata marando.

"Nikamwambia, mwenyekiti, nimeleta mambo ya kaunsili, si ya kiama, baraza ya wazee. Akasema hata kama ni kaunsili, wenye wameketi hapa ni wazee. Ati mtu hajatoa hata mbuzi moja hawezi simama kufundisha wazee, ni kama mtoto anafundisha babake kuchunga. Wakacheka. Hata karani akacheka, na yeye ni wa juzi."

Kwa watu wa huko mwanamume hawi mzee kwa mvi tu. Huwatolea wazee mbuzi wake, au kondoo aliyenona, wakala, wakambariki, ndipo neno lake likapata mahali pa kukaa. Asiyetoa hata akifika miaka hamsini na moja, kama Theuri, huitwa tu wakati kuna kuni za kubeba. Mbuzi wa Theuri walikuwa wamekwenda shuleni na Warigia, mmoja baada ya mwingine, mpaka kidato cha pili. Mwenyekiti Kihara alivaa tai, alisoma gazeti, na Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani. Lakini katika jambo hili la mbuzi alikuwa mtu wa mila kabisa. Uhuru ulirudisha mambo mengi ya zamani, na yale yenye nyama ndiyo yaliyorudi mbio.

"Na yule Mama Punda hawezi kuja aongee mwenyewe?"

"Si alikuja Januari? Ulimwona."

Wachuka alimwona. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mzee, mwenye viatu vya mwanamume, ambaye mji mzima ulimwita Mama Punda. Chama chake kilitaka kutoa mabati sitini, nguzo, na birika jipya la saruji. Sharti lilikuwa moja, madiwani watie sahihi barua ya kukubali kwamba wanyama watakaofungwa hapo watapata kivuli na maji. Mwisho ulikuwa tarehe thelathini na moja Machi, baada ya hapo mabati yangepelekwa mji mwingine. Mwenyekiti alimwacha mama huyo amesimama juani, na jioni akasema kwenye baa kwamba hawakumfukuza Mzungu ili arudi kuwafundisha namna ya kumlaza punda. Ndipo mama yule akaamua kumsomesha Theuri. Alifikiri mwenyeji atasikilizwa.

"Imebaki siku kumi na moja," Theuri alisema. Macho yake yalikwenda kwenye kizizi, yakarudi upesi.

"Hapana," Wachuka alisema.

"Sijasema kitu."

"Macho imesema."

"Ni yako, Mama Warigia. Ni ya mtoto. Mimi siwezi kukuchukulia."

Alisema kweli, na hapo ndipo ulipokuwa uzito. Angekuwa mume wa kunyakua, Wachuka angepata mtu wa kumkasirikia. Sasa alibaki na kondoo mkononi na uamuzi ni wake.

*

Kila siku baada ya swala ya alasiri Mishi alikuja hadi kwenye seng'enge na mzigo wa nyasi kichwani na debe la maji mkononi. Alikuwa mjane wa Majengo, mtaa wa Waislamu, na riziki yake yote ilibebwa mgongoni na punda mmoja aliyeitwa Shauri. Walikuwa wakiuza maji na kuni. Wiki tatu nyuma Mishi alikwenda mazishini, Shauri akakata kamba, akaingia sokoni akala kabeji za watu, askari wa kaunsili wakamleta hapa. Mishi alipopata ya kulipa faini, ada ya malisho ilikuwa imepanda. Alipotafuta ya ada, siku zilikuwa zimeongezeka. Basi aliamua angalau punda wake asife njaa huku akilipiwa chakula.

"Mama Warigia, huyu anaoza amesimama," alisema siku hiyo, akipitisha nyasi katikati ya waya.

Ilikuwa kweli. Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimefunguka upana wa kiganja, na kwato za nyuma zilikuwa laini kama sabuni iliyosahauliwa majini. Shauri alikula nyasi polepole bila kuinua miguu.

"Mzee yangu anajaribu kuongea na wao," Wachuka alisema.

"Wamemsikia?"

"Bado."

"Nikiwa yeye ningewaambia mimi. Lakini mimi ni nani. Ni mwanamke, na tena ni wa Majengo." Mishi alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja nambari ya nyumba yake. Kisha akaupitisha mkono wake wote ndani ya waya akamkuna Shauri kati ya masikio. "Hata akinyeshewa, huwa anasimama hapa kwa waya kuningoja, nisifikiri hayuko."

Mvua ya masika ilianza Ijumaa, ikanyesha siku tatu bila kupumua. Jumatatu asubuhi walimkuta ndama amelala kwenye tope, maji yamemfika puani, amekufa. Mama yake alikuwa bado anamlamba. Theuri na mkewe walimburuta ndama kwa miguu hadi nje ya lango, na ng'ombe akawafuata mpaka kwenye waya, akasimama pale akililamba lile tope mahali ndama alipokuwa amepita.

Wachuka alishindwa kuangalia. Akilini alimwona Warigia ameukabili ukuta. Alirudi jikoni akaketi kwenye kigoda, na yule dume akautoa mdomo wake kwenye kizizi akanusa mkono wake akitafuta chumvi. Mwezi mmoja bado, alijiambia. Nitauza maharagwe ya njahi, nitapata mwingine, hata kama ni mdogo. Alijiambia hivyo akijua fika kwamba hakuna kondoo anayenenepa kwa mwezi mmoja.

"Waite," alimwambia Theuri alipoingia kunawa mikono. "Waambie waje Alhamisi."

"Mama Warigia."

"Waite kabla sijabadilisha. Na wakulie hapa hapa, wakiangalia hiyo boma."

Mishi alimjua yule kondoo, lakini Wachuka hakumwambia kwamba atachinjwa. Hakutaka mtu mwingine aubebe mzigo huo pamoja naye, kisha aanze kushukuru kila siku.

*

Alhamisi Wachuka alimtoa kondoo mwenyewe, kwa sababu dume huyo hakukubali kumfuata mtu mwingine. Aliifuata chumvi kiganjani mwa Wachuka, akiyumba, akisimama kupumua, akishangaa jua. Wachuka alimkabidhi kwa wanaume waliokuwa wakingoja nyuma ya migomba, akageuka akarudi bila kutazama nyuma. Kile kiganja chenye chumvi hakukiosha mpaka mchana.

Kisha walifanya kosa, yeye na mumewe, ingawa hakuna mtu wa Ndaraca-ini ambaye angeliita kosa. Wageni wanakuja, nawe unafagia. Tangu alfajiri walizoa tope kwa debe, wakatandaza nyasi kavu boma zima, wakaziba ufa wa birika kwa udongo na kulijaza maji, wakawasugua mbwa. Punda waliwakung'uta tope mpaka rangi zao zikaonekana. Shauri peke yake hakusaidika. Harufu ya kidonda chake ilikuwa inawaita inzi wa wilaya nzima.

"Wazee hawawezi kula na hii harufu," Theuri alisema. "Tumpeleke nyuma ya choo kidogo. Wakienda tutamrudisha."

Wachuka alikubali. Lingekuwa jambo la aibu kufanya vingine.

Walikuja madiwani wanane, watatu kwa Landrova na wengine kwa miguu, wakaketi kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Wanawake hawakai mahali hapo. Wachuka alifikisha sufuria hadi kwenye ua tu, na kutoka hapo alisikia kila kitu. Alimsikia mwenyekiti akisifu mkia. Alisikia mtu akiuliza nani amemnenepesha huyu kondoo, na mwingine akijibu kwamba mikono kama hiyo siku hizi haipatikani. Pombe ya muratina ilizunguka, na mifupa ikavunjwa ili itoe uboho. Walikula kwa saa mbili bila kutaja punda.

Hatimaye Diwani Ngatia, mzee kuliko wote, alikata kipande chembamba cha ngozi ya yule kondoo akamvika Theuri kwenye kifundo cha mkono. Huo ndio rukwaro, alama ya baraka. "Sasa wewe ni mtu," alimwambia. "Sema."

Theuri alitundika picha yake kwenye seng'enge. Alieleza mishale yote. Alieleza kwamba mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia kivuli, kwa hiyo aliyemfunga ndiye kivuli chake. Wachuka, nyuma ya ua, alishika shuka lake kwa mikono miwili. Hakujua kwamba mumewe angeweza kusema hivyo.

Mwenyekiti Kihara aliinuka akajifuta mdomo, akachungulia bomani.

"Theuri, mimi naona hapa ni pasafi. Nyasi iko. Maji iko. Hata mimi bibi yangu akinifukuza naweza kulala hapa." Walicheka wote. "Sasa hiyo mabati ni ya nini?"

Theuri alitazama nyasi kavu alizotandaza kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akatazama upande wa ua.

Wachuka aliliachia shuka. Alizunguka nyuma ya choo, akafungua kamba, akaanza kurudi na Shauri, hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika. Alimpitisha katikati ya viti. Diwani mmoja aliyekuwa amebeba mfupa aliushusha polepole.

"Na hii ni nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Hii ndiyo boma yenyewe," Wachuka alisema. "Hiyo mnaangalia ni ya wageni."

Hakuna aliyemwambia mwanamke aondoke. Inzi walivuma. Diwani Ngatia aliinuka kwa fimbo yake, akaja mpaka karibu, akainama kwa shida akatazama zile kwato.

"Wakati wa kizuizi ya Mzungu," alisema, bado ameinama, "tulifungwa ndani ya waya kama hii. Mvua ikikuja tulikuwa tunasimama, kwa sababu ukilala maji inaingia kwa masikio. Miaka sita. Mimi sikuwa naomba chakula. Nilikuwa naomba bati moja tu." Alijinyoosha. "Mwenyekiti, leta hiyo karatasi."

Wakatia sahihi, wote wanane. Mwenyekiti alitia ya kwanza, na vidole vyake viliacha mafuta ya kondoo kwenye pembe ya barua. Theuri aliishika ile barua kwa ncha za vidole, akilia bila kujificha.

Jioni ile yeye na mkewe walikula githeri isiyo na chumvi, maana chumvi yote ilikwenda na wazee, na walicheka kama watu waliooana juzi. Siku iliyofuata Wachuka alimwambia Mishi kwamba Theuri amewafundisha madiwani na mabati yanakuja. Mishi alipiga vigelegele pale pale kwenye seng'enge, punda wakasimamisha masikio. Wachuka alifurahi. Tuseme ukweli wake wote, alifurahi kuliko alivyomhuzunikia kondoo wake, na baadaye hilo pia lilimuuma.

*

Majibu yalikuja upesi. Mama Punda angefika Jumatatu ya tarehe tisa Aprili, yeye na fundi wake, kupima mahali pa kujenga. Barua hiyo ilimfikia mwenyekiti Ijumaa.

Jumamosi saa mbili asubuhi lori liliingia kinyumenyume hadi langoni. Nyuma yake ilikuja Landrova ya mwenyekiti na askari wawili wa kaunsili, mmoja amebeba bunduki. Mwenyekiti alishuka na furaha usoni, akamsalimu Theuri kwa mikono miwili.

"Theuri, mafunzo yako imetuingia. Tumekaa jana, tukasema, mgeni anakuja Jumatatu. Hatuwezi kumwonyesha ile kitu bibi yako alituonyesha. Ni aibu ya mji mzima."

Karani alisoma azimio. Ili mahali pa ujenzi pawe safi, wanyama wote waondolewe. Punda wamenunuliwa kwa jumla na mbeba mchanga wa Sagana. Ng'ombe aende buchani. Mbwa, pamoja na mnyama yeyote asiyeweza kupanda lori, watashughulikiwa na askari.

"Na wenyewe?" Theuri aliuliza. "Wanyama wako na wenyewe."

"Wenyewe wangelipa."

Theuri alisimama mbele ya lango. Aliinua mkono wenye rukwaro, akasema anaomba kusema, kama mzee. Nao walimpa nafasi. Dereva alizima injini. Askari alishusha bunduki akaitegemeza kwenye gurudumu. Theuri alisema kwamba nyumba ya mtoto haijengwi kwa kumtupa mtoto. Alisema mabati yale yameombewa hawa hawa waliomo ndani, si picha yao. Alisema kama ni aibu, iachwe ionekane, kwa sababu aibu ndiyo iliyowafanya Alhamisi ile watie sahihi. Alisema vizuri kuliko Alhamisi, bila karatasi na bila mishale, na hakuna aliyemkatiza. Mwenyekiti alisikiliza ameinamisha kichwa, kofia mkononi, mpaka mwisho.

"Umesema vizuri, mzee," alisema. Tangu azaliwe Theuri hakuwa ameitwa hivyo na mtu wa cheo. "Tumekusikia." Kisha akavaa kofia akampungia dereva.

Diwani Ngatia alikuwa ndani ya Landrova, kiti cha mbele, anatazama magoti yake. Wachuka alikwenda mpaka dirishani.

"Mzee, si wewe ulisema ile maneno ya waya?"

"Nilisema, mwanangu. Hata jana nilisema tena. Wakaniheshimu sana." Alivuta pumzi. "Lakini mimi ni mmoja, na wao ni saba."

Punda kumi walipanda lori kwa viboko. Shauri hakuweza. Watu wanne walimsukuma ubaoni, miguu ya nyuma ikakataa, akaketi. Wachuka aliishika kamba yake. Hakujua anaishikia nini, lakini aliishika mpaka askari mwenye bunduki, kijana mpole aliyekuwa na haya usoni, akamwambia, "Mama, songa kidogo."

Akasonga. Mambo mengine ya siku ile yalikuja kufifia, hilo halikufifia. Aliambiwa asonge kidogo, akasonga.

Mwenyekiti alipokuwa akipanda gari alitoa kichwa nje. "Mama, Jumatatu pafagiliwe vizuri. Wewe kufagia unajua."

*

Adhuhuri ilimleta shemeji yake Warigia kutoka Murang'a, amevaa shati safi. Hakukubali hata kuketi. Warigia amejifungua, alisema, mtoto wa kiume, leo ni siku ya tisa na ananyonya kwa nguvu. Wote wawili ni wazima.

"Anauliza utakuja lini. Tulitaka kumchinjia huko, akakataa. Anasema anangoja ile ya kwako, ulimwahidi."

"Mwambie nakuja," Wachuka alisema.

"Na kondoo?"

"Mwambie nakuja."

Theuri alikuwa ameketi kizingitini na alisikia yote. Alikuwa akijaribu kuuvua ule rukwaro, lakini ngozi ilikuwa imekauka na kumbana mkono, haukutoka. Wachuka alimpita akachukua ufagio. Alifagia kwa sababu aliambiwa, na kwa sababu mikono haikujua kazi nyingine. Alifagia alama za kwato. Chini ya mkaratusi, mahali askari walipochimba, alifagia pia, akasawazisha udongo.

Baada ya alasiri Mishi alifika na nyasi kichwani na debe mkononi. Alisimama kwenye seng'enge akitazama boma tupu, safi, lenye mistari ya ufagio kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Wameenda wapi?"

"Sagana."

"Na Shauri?"

Wachuka alionyesha kwa ufagio, chini ya mkaratusi. Mishi aliangalia pale. Alishusha debe chini, maji yakamwagika kidogo kwenye viatu vyake, hakuyaona.

"Si uliniambia mzee wako anawafundisha?"

"Aliwafundisha," Wachuka alisema. "Walielewa."

Mishi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa. Alifungua na kufunga mafundo ya kanga yake. Mwishowe aliushusha mzigo wa nyasi, akaanza kuupitisha katikati ya waya, konzi baada ya konzi, kama siku zote.

"Basi hizi mpe kondoo yako," alisema. "Ni mbichi, nimekata sasa hivi. Zisiharibike bure."

Wachuka alizipokea kwa mikono miwili, akamshukuru. Alizibeba mpaka jikoni, akaziweka katika kizizi nyuma ya mafiga, akazitandaza vizuri, kisha akarudi nje kumalizia kufagia.